Mgeni wa Watu Wanne

Usiku wa jana niliota nimeitwa zahanati na dawa zangu mwenyewe.

Kidonge cha presha kilisimama kwenye kizingiti cha chumba changu, cheupe, kina mstari katikati, kikapiga hodi mara mbili kama mtu aliyelelewa vizuri.

"Mzee Hoza, unahitajika," kikasema. "Wenzako wameshafika."

"Wenzangu gani?"

"Wote uliowahi kuwa."

Nikavaa koti. Lakini jambo hili lilianzia mchana, siku chache nyuma, kwa hiyo kidonge kisubiri kidogo pale mlangoni.

Mimi ni fundi wa mashine za kusaga. Nimechonga mawe ya mashine miaka arobaini na kitu, kutoka Kyela mpaka Babati, na kila nilipomaliza kazi miguu iliniwasha nikaondoka. Hata shule niliisoma hivyo hivyo. Darasa la kwanza Handeni, la tatu Muheza, la pili sijui lilikuwa wapi. Sasa nimerudi Handeni kwa mdogo wangu, Tunu, kwa kuwa Tunu anasahau.

Alianza na chumvi, akawa anaitia kwenye chai. Halafu akahamia kwa watu. Huu ni mwezi wa pili hajataja jina langu. Ananiita "wewe baba," kwa heshima, kama mtu aliyepita kuuliza njia. Mama yetu naye aliondoka hivyo. Mwishoni alituita sote kwa jina la mbuzi wake, na mbuzi peke yake ndiye ambaye hakukosewa.

Juma hili nesi Eliwaza wa zahanati yetu alitukalisha mimi na Tunu kwenye benchi. Akatueleza kwamba wamekuja watafiti wa afya ya ubongo. Hawachomi sindano wala hawatoi damu, wanasoma tu. Wanataka kujua mtu aliandikiwa dawa gani, mwaka gani, akazitumia muda gani, kisha waangalie nani uzeeni anasahau na nani hasahau. Ndugu wa tumbo moja wanawapenda zaidi. Tunu ameishi kijiji kimoja maisha yake yote, na daftari lake la matibabu lipo kamili, limeshonwa upya mara tatu.

"Na lako, mzee wangu?" Eliwaza akaniuliza. "Daftari la Bi Tunu peke yake halina la kulinganishwa nalo. Na Ijumaa wanafunga kazi."

Nikamwambia nitafikiri. Sikuwa na la kufikiri, nilikuwa na aibu.

Miaka yote ile jina langu halikuandikwa zahanati yoyote. Fundi akifika kijiji cha watu akaugua, nani anamjua? Anaandikwa kwa mwenyeji wake. Mgeni wa fulani. Mwenyeji ndiye anayefahamika, ndiye atakayefuatwa nyumbani ukizidiwa. Basi Kyela nilikuwa Mgeni wa Mwakasungula. Masasi, Mgeni wa Chitanda. Urambo, Mgeni wa Bi Nyamizi. Babati, Mgeni wa Tluway. Mimi, Hoza Semkiwa, kwa maandishi sijawahi kumeza hata kidonge kimoja mpaka nilipozeeka. Na zile karatasi nilizopewa nilizitupa, au nilidhani nilizitupa.

Nikaona heri niondoke. Kuna mashine Kilosa imekorofisha, na basi la Morogoro linapita Alhamisi asubuhi. Usiku wa Jumatano nikafunga mfuko wangu wa patasi, nikalala. Ndipo kidonge kilipopiga hodi.

Tunafika zahanati na jua liko utosini. Mlangoni amekaa Muhuri, muhuri wa mpira wenye mpini wa mti, mnene, anatoka jasho la zambarau. Kila anayepita anamgonga kichwani, na aliyegongwa anasema asante.

"Moja, kutwa mara tatu," anasema Muhuri.

"Maana yake?"

"Mzee, hujawahi kuandikiwa dawa? Unaingia mtu mmoja, mara tatu kwa siku."

Naingia, natoka. Naingia, natoka. Mara ya tatu anazuia mlango kwa tumbo lake.

"Umekula?"

"Bado."

"Imeandikwa baada ya chakula."

Naletewa ugali na dagaa. Nakula nimesimama. Foleni nzima inaniangalia bila chuki, kila mtu ameshika sahani yake.

"Sasa tikisa kabla ya kutumia," anasema Muhuri, na viti viwili vinanishika mabegani vinanitikisa mpaka kofia inaanguka. Vinaniokotea. Vilikuwa viti vya heshima.

"Mwisho, vua jina."

"Jina nalo?"

"Utafiti hautaki majina. Yanabaki hapa mlangoni, hayapotei. Ona." Na kweli, ukutani ipo misumari, na majina ya kijiji kizima yametundikwa, mengine yamechakaa kwenye viwiko, mengine yana viraka.

Langu lilitoka kirahisi. Muhuri akaligeuzageuza kwenye mwanga.

"Jipya kabisa hili. Hulitumii?"

"Nililiacha nyumbani nilipoanza kutembea."

"Ungelivaavaa, mzee. Nguo isiyovaliwa huliwa na mende."

Nikaingia bila jina. Kulikuwa na baridi kidogo.

Ndani kuna benchi, na kwenye benchi wamekaa wanaume wanne, wote mimi. Waliponiona wakasimama kwa pamoja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hamjambo?"

"Hatujambo. Tunakusubiri tangu asubuhi. Unachelewa kama kawaida yetu."

Wa kwanza ni kijana, Mgeni wa Mwakasungula, ana malaria ya Kyela. Anajikuna mwili mzima. Pembeni yake amekaa Klorokwini, dawa yenyewe, naye anajikuna. "Nisamehe," Klorokwini anamwambia kila baada ya muda. "Ndivyo nilivyoumbwa."

Wa pili, Mgeni wa Chitanda, kidole chake kimeliwa na mkanda wa mashine, kimefungwa kitambaa. Wa tatu, Mgeni wa Bi Nyamizi, macho mekundu. Huyo ni wa ule mwaka ambao sikulala, mama alipokufa na mimi sikufika mazikoni. Aliandikiwa vidonge vya usingizi, anavishika mkononi na havisemi kitu, vimelala. Wa nne, Mgeni wa Tluway, mvi zimeanza, presha yake ya kwanza.

Mbele yetu kuna meza, na nyuma ya meza kuna mtafiti. Mtafiti ni miwani. Hakuna mtu nyuma yake, ni miwani tu juu ya kiti, safi, imekunja mikono yake vizuri. Kando yake limekaa daftari la Tunu, limejifunga khanga ya Tunu, linakohoa kikohozi cha mwaka ule wa njaa.

"Karibuni," inasema Miwani. "Ninyi ni watu wangapi?"

"Mmoja," nikasema.

"Naona watano."

"Ni mmoja, daktari. Ametembea sana."

Miwani ikatugeukia mmoja mmoja. "Nikiwasoma ninyi mkiwa watano, ninaona kijana aliyepata malaria mara moja akatoweka. Ninaona mtu asiyelala, halafu ninampoteza. Ninaona presha ya mtu asiyekuwa na ujana. Hakuna ninachoweza kumuuliza mtu kama huyo. Lakini mkiwa mmoja, nitamweka kando ya daftari hili, tumbo moja, mama mmoja, na nitaanza kuuliza. Nani anathibitisha kuwa ninyi ni mmoja?"

Nikawatazama wenzangu. Kijana wa Kyela akatikisa kichwa.

"Mimi huyu mzee simjui. Mimi sizeeki. Kesho naondoka."

"Wewe mtoto," nikamwambia, "unajua hayo magoti unayotembelea nani anayauguza?"

"Pole, mzee. Ungetembea polepole."

"Ulikuwa unatembea wewe!"

"Jamani," akasema Mgeni wa Bi Nyamizi, "msipige kelele, vidonge vyangu vimelala."

Hapo benchi likaanza kutetemeka. Nikaangalia chini, nikaona hatuko zahanati tena, tuko stesheni, na benchi ni lile la jukwaani. Treni ya Kilosa imesimama mbele yetu, milango wazi. Wale wanne wakainuka, kila mmoja na mfuko wake wa patasi. Hakuna aliyeamriwa. Ni miguu tu.

Niseme kweli hapa, na mimi niliinuka. Mfuko ulikuwa tayari begani.

"Mnaondoka tena?"

Lilikuwa daftari la Tunu. Halikulalamika. Liliuliza kama Tunu alivyouliza miaka ile yote, mkono mmoja kwenye nguzo ya mlango, mwingine una unga.

"Tutarudi," akasema kijana wa Kyela.

"Sawa," likasema daftari. "Mimi nitakuwa nimesahau kuwa mliondoka. Kwa hiyo msiwe na wasiwasi."

Hakuna aliyepanda. Tulisimama pale kama magunia. Treni ikapiga honi, ikangoja, ikaona haya, ikaondoka tupu.

Ilipokwisha kupita, ng'ambo ya reli hapakuwa na stesheni. Tulikuwa ndani ya nyumba ya mashine, unga ukutani, mkanda unazunguka, na Miwani imekaa juu ya kile kisanduku cha kumwagia mahindi.

"Bado nahitaji shahidi," ikasema Miwani.

Mlangoni tukasikia mabishano. Muhuri alikuwa akimwambia mtu avue jina.

"Sina," ikajibu sauti. "Nimelisahau nyumbani."

Muhuri akafikiri. Hakukuwa na kanuni ya hilo. Akampisha.

Akaingia Tunu. Si daftari, Tunu mwenyewe, na kopo la maziwa ya unga kwapani, lile la zamani lenye kutu mdomoni. Akalipindua sakafuni. Zikamwagika bahasha ndogo ndogo za karatasi, zile wanazotilia vidonge, kila moja imekunjwa na kubanwa kwa mwiba.

"Usitutupe!" zikapiga kelele bahasha.

"Sitawatupa," akasema Tunu. "Nimewahi?"

Bahasha moja ikajikunjua ikasimama. "Mimi ni ya Masasi. Nimeandikwa Mgeni wa Chitanda. Viwili kutwa mara nne. Vidonge viliisha, nikaja kwenye mfuko wa koti, Bi Tunu akaniokota. Nimehifadhi bamia msimu baada ya msimu."

"Ni kweli," zikasema mbegu za bamia kutoka ndani. "Na haturuhusu maji yaingie."

Ikasimama ya Urambo, ina mbegu za mchicha, ndogo kama vumbi, zote zinaongea kwa wakati mmoja. Ya Babati ina malenge. Ya Kyela imechakaa, maandishi yamefifia, lakini mlenda uliokuwamo ulisoma kwa sauti bila kukosea hata nukta.

"Hizi zinathibitisha karatasi," ikasema Miwani kwa upole. "Bado sijamthibitisha mtu."

Tunu akawaendea wale wanne. Hakuwatazama usoni. Akamshika kijana koti, akaingiza vidole kwenye mfuko wa kushoto, akaugeuza nje.

"Huyu ni kaka yangu," akasema. "Mfuko huu ulitoboka, nikaushona kwa uzi mwekundu kwa sababu mweusi ulikwisha." Akaenda kwa wa pili, akageuza mfuko. "Na huyu ni kaka yangu." Wa tatu. "Na huyu." Wa nne. "Na huyu. Kila akirudi umetoboka tena. Sijui anabeba nini, mawe?"

"Patasi," tukajibu wote.

Akafika kwangu. Mfuko wangu ulikuwa umetoboka, haujashonwa. Akapitisha kidole kwenye tundu.

"Huyu bado," akasema. "Huyu ndiyo kwanza amefika."

Miwani ikaandika. Sikuona kalamu, lakini iliandika. Halafu ikasema, "Mmoja."

Basi wale wanne wakapanga foleni, wakaingia kwenye koti langu kupitia mfuko uliotoboka, mdogo kwanza. Kijana wa Kyela alipofika alisita.

"Mzee, naomba jambo. Mwambie Mwakasungula asante. Alinibeba kwenye baiskeli usiku ule, kilima kizima, akisukuma. Niliondoka bila kuaga."

"Na mke wa Chitanda," akasema wa pili. "Alininywesha uji kwa kijiko, maana mkono sikuweza kuuinua."

"Bi Nyamizi," akasema wa tatu, "alikaa nje ya mlango wangu akisimulia habari za kuku wake mpaka nikapata usingizi. Sio vidonge peke yake. Mwambie daktari aandike na kuku."

"Nimeandika," ikasema Miwani.

"Tluway," akasema wa nne, "alinisomea kile cheti kila asubuhi, mwezi mzima, mwandiko wa daktari nisiouweza. Hakuwahi kunicheka."

Nikaenda mlangoni, palipo misumari. Majina manne yalikuwa pale, mazito, mazuri, yamefutwa vumbi. Watu wale walinivika majina yao nikiwa mgonjwa, wakanitibia ndani yake, na mimi nikayavua njiani kama makoti ya kuazima. Nikayashika moja moja nikasema asante. Majina hayajibu. Lakini la Mwakasungula lilikuwa na joto.

Nikarudi kwa Miwani. "Daktari, Tunu atapona?"

"Sijui."

"Ni kitu alichomeza? Au ni damu ya mama?"

"Sijui. Ndiyo maana nasoma."

"Na mimi? Nitaanza lini kumwita kila mtu mbuzi?"

"Sijui, mzee. Ningejua nisingekuomba karatasi zako. Huenda tukaja kujua kwa faida ya watu ambao leo bado hawajasahau kitu."

Nilishukuru. Nimepewa majibu mengi matamu maishani, yamepakwa sukari nje kama vidonge vya watoto. Hili lilikuwa chungu, nikalimeza bila maji, likakaa tumboni vizuri.

"Sasa toa ridhaa," ikasema Miwani.

Nikajipapasa. Mfuko wa kulia hakuna. Mfuko wa shati hakuna. Nikaingiza mkono mfuko wa kushoto, nikapita tundu, nikapita wale wanne wakasogea kunipisha, na huko chini kabisa kwenye pindo la koti nikaishika. Ilikuwa mbegu ya bamia.

Nikaiweka mezani. Miwani ikainama ikaitazama, kisha ikaisukuma irudi kwangu.

"Nimeiona. Chukua."

"Si nimeitoa?"

"Ridhaa unaitoa na unabaki nayo. Ukighairi, unakuja kuniambia."

Nikaifumba mkononi. Mlangoni Muhuri akanipa jina langu. "Livae basi," akasema, akanigonga kichwani. Nikasema asante.

Nikaamka.

Jogoo wameshawika na kumekucha. Nje Tunu anafagia uwanja, sehemu ileile, kwa mara ya pili au ya tatu. Nikakaa kitandani nikafumbua mkono nijinyooshe, nikaona kitu kimenata kiganjani, kwenye mstari mrefu.

Mbegu ya bamia. Moja.

Hatujapanda bamia mwaka huu. Mimi sijapanda bamia maisha yangu yote.

Nikatoka nje. "Tunu, kuna kopo la maziwa humu ndani? Lenye kutu?"

Tunu ni mtu anayetafuta kijiko akiwa amekishika. Alisimamisha ufagio, akaingia jikoni moja kwa moja, akapanda kinu, akapeleka mkono darini nyuma ya kuni bila hata kuangalia, akashuka na kopo.

"Usizimwage," akasema. "Ni za masika."

Bahasha zilikuwa nne juu kabisa, na nyingine chini yake. Karatasi ya kahawia, mihuri ya zambarau iliyofifia. *Mgeni wa Chitanda. 2x4.* Ile ya bamia mwiba ulikuwa umelegea, pembe moja imefunguka kidogo.

"Hizi ni za nani, Tunu?"

"Za kaka yangu."

"Yuko wapi?"

"Safarini." Akanitazama usoni vizuri, kwa huruma, kama unavyomtazama mtu aliyeulizia njia mara mbili. "Lakini huwa anarudi. Akirudi nitampa, wewe baba, usiwe na wasiwasi. Lete hilo koti, mfuko wako umetoboka."

Nikampa. Akashona palepale amesimama, kwa uzi mwekundu. Nikamshukuru. Nikairudisha ile mbegu kwenye bahasha yake, nikabana mwiba, nikavaa koti, nikashika njia ya zahanati, kopo kwapani na Tunu pembeni yangu.

Kwenye kona ya soko basi la Morogoro lilitupigia honi. Kondakta akatoa kichwa dirishani.

"Kilosa, mzee! Si ulisema leo?"

Nikamwinulia kopo alione.

"Nimebeba watu wanne humu," nikamwambia, "na wote wanasema hawaendi."